Gari ya Ami na Mizani ya Chuma Chakavu

Najua nimepotea. Kulikuwa na mazoezi ya kufundisha, ikaja homa, halafu ukaja uvivu wa kawaida tu. Leo nimerudi na jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu Jumapili iliyopita. Na kwa kuwa mie ni mtu wa Historia (na Kiswahili, msisahau), mtanisamehe nikianza karibu halafu nikaenda mbali.

Jumapili nilikwenda Makunduchi kumsalimia ami yangu. Nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, kuna gari ya mbao. Ni Bedford. Iko pale tangu mie niko darasa la tatu. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na kile kioo cha mbele kimebaki nusu. Zile herufi za chuma zilizoandika jina lake usoni watoto wamezing'oa moja moja, zimebaki B, E na D tu. Wanaojua Kiingereza wanacheka, maana ndani kweli wanalala paka.

Nimefika nikakuta vijana wawili na pikapu ndogo. Mmoja ameinama chini ya gari anagonga chesisi kwa nyundo, kama daktari anayempima mgonjwa kifua. Mwingine anazungumza na ami kuhusu kilo. Walikuwa watu wa chuma chakavu. Wanakuja na mizani yao, wanakata kwa gesi vipande vya kuingia kwenye pikapu, wanalipa papo hapo na wanaondoka. Shaba wanaweka kando, aluminiamu kando, na chuma chenyewe kinapelekwa mjini na baadaye kuvushwa bara. Mbao hawazitaki. "Hizo utakokea moto mzee," kijana akasema, tena kwa heshima kabisa, wala hakuwa na ubaya.

Ami hakusema ndiyo wala hapana. Akawaambia warudi mwisho wa mwezi.

Usiku ule sikulala vizuri, jamani. Nikawa nafikiria kwamba hii si mara ya kwanza. Kisiwa hiki kina historia ndefu ya kupeleka mashine zake kwenye mizani.

Hebu tuanze na Sayyid Barghash. Mzee huyu alipenda vitu vipya kupita kiasi, na sisi tunamkumbuka kwa Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883 na kwa maji ya mfereji. Lakini wangapi wanajua kwamba alikuwa na reli? Mwaka 1879 alijenga njia ya reli ya maili saba, yaani kama kilomita 11, kutoka mjini kwenda kwenye jumba lake la Chukwani. Mwanzo mabehewa mawili ya kifahari yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kwa Bagnall wa Uingereza, na nyumbu wakapumzika. Barghash alipofariki mwaka 1888, reli ikang'olewa na injini ikauzwa kama chuma. Imetumika miaka saba tu. Leo ukienda Chukwani ukiuliza ilipopita treni watakuona umechanganyikiwa.

Halafu kuna meli ya Glasgow. Hii nayo ilikuwa ya Barghash. Ilijengwa Uskochi mwaka 1878, na tarehe 27 Agosti 1896 ikazamishwa na manowari za Waingereza mbele ya mji, katika ile vita ambayo kila kitabu kinatuambia ndiyo fupi kuliko zote duniani (dakika 38 au 45, inategemea unaanzia kuhesabu wapi). Lakini sehemu inayonivutia mie ni ya baada ya vita. Kwa miaka mingi milingoti yake ilibaki imesimama juu ya maji pale bandarini. Ukitazama picha za zamani za forodhani utaiona. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa vita alikua mpaka akabaleghe akiitazama kila siku. Mwaka 1912 ndipo ilipovunjwavunjwa na watu wa kuokoa vyuma, na kilichobaki kimelala chini ya bahari.

Na treni ya Bububu je? Hii nafikiri wengi mmeisikia, walau kwa bibi zenu. Kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ndiyo iliyojenga, ikaanza kazi mwaka 1905. Nayo ilikuwa maili saba, safari hii kutoka mjini kwenda kaskazini. Zipo postikadi zinazoionyesha ikipita katikati ya nyumba za Mji Mkongwe, njia nyembamba mpaka unajiuliza mtu aliyekuwa dirishani alifanya nini. Kulikuwa na behewa la daraja la kwanza la wageni wa meli, waliokuja kutwa moja kuona mashamba, lakini abiria wake hasa walikuwa watu wa kawaida wa huku. Kuna wanaosema jina la Bububu limetokana na mlio wa treni ile, wengine wanasema ni mlio wa chemchemi za maji za pale. Mie naona wa chemchemi wana hoja nzuri zaidi, lakini hadithi ya treni ni tamu na haitokufa.

Treni ile iliuliwa na gari. Barabara zilipotengenezwa vizuri, na kituo cha mwisho kilipohamishwa mbali na pale penye biashara, watu wakaihama. Mwaka 1922 ikaacha kubeba abiria. Ikaendelea kubeba mawe mpaka kufika 1930 na hapo ikafungwa moja kwa moja. Leo hakuna injini hata moja iliyosimama mahali tukampeleka mtoto wa skuli akaigusa. Nimefundisha somo la usafiri darasani kwa picha ya treni ya Uingereza kutoka kwenye kitabu, wakati reli ilipita umbali wa dakika chache kutoka darasa lile. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo treni yetu iko wapi?" Nikamjibu iliuzwa. Akasema, "Yote?" Sikuwa na jawabu.

Sasa, kilichochukua nafasi ya treni ndiyo ile gari ya chini ya mwembe. Hapa ndipo nataka nikae kidogo.

Gari za mbao zina maajabu yake. Lori lilitoka ng'ambo likiwa injini, chesisi na uso tu. Nyuma hakuna kitu. Kila kilichobaki kilijengwa hapa hapa kwa mikono yetu. Fundi anasimamisha fremu ya mbao, anaweka paa la chini (kila mrefu anajua ninachozungumzia), viti viwili virefu vinavyotazamana ubavuni, mlango nyuma, na maturubai yanayoviringishwa juu na kuteremshwa mvua ikija. Juu ya paa ndiko kunakopanda madumu, magunia ya mkaa, matenga ya samaki, baiskeli, makuti, wakati mwingine kitanda kizima cha bibi harusi. Huko bara zilikuwepo pia na Dar es Salaam waliziita chai maharage. Dar zimekwisha. Kwetu zimeendelea kubeba watu miaka mingi sana baada ya wenzetu kuzisahau. Hata jina la daladala limetujia kutoka bara na kuikuta gari ya mbao iko kazini siku nyingi.

Hata zile namba zina historia yake, na hii nimeigundua juzi tu kwa kuzungumza na ami. Zamani njia za shamba zilikuwa na namba fupi. Makunduchi ilikuwa namba 10, Jambiani na Paje namba 9, Chwaka namba 6. Tazameni sasa: Makunduchi ni 310, Jambiani 309, Chwaka 206. Namba ya zamani imo ndani ya mpya! Tunapanda historia kila Ijumaa tukirudi nyumbani na hatujui. (Mie nimepanda 310 mara ngapi kutoka Tunguu? Na nilidhani mtu alizibuni tu.)

Ami alianza kama utingo mwaka 1974, kijana mdogo, akining'inia nyuma. Baadaye akawa dereva, na mwisho akainunua ile gari kwa mwenyewe. Anasema bodi yake ilijengwa na fundi wa majahazi, na ukiitazama vizuri unaamini. Zile mbao za ubavuni zimesimama kama mataruma ya chombo, na paa lilizibwa kwa kalafati kama vile linakwenda baharini. "Ilikuwa haivuji kuliko nyumba yangu," ananiambia, na anacheka, na hapo ndipo penye tatizo, lakini ngoja nimalize.

Bedford yake ni ya ule mfululizo wa J ulioanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Sasa fikirieni maisha yake hapa. Imepita Mapinduzi ya 1964. Imepita miaka ile ya shida ambayo wazee wetu hawapendi kuizungumzia sana, wakati bidhaa za nje ni adimu na kupata tairi ni kama kupata visa. Hakuna aliyeweza kusema "nanunua mpya". Kwa hiyo gari ilibidi iishi kwa lazima. Springi zilitoka kwa lori lililokufa. Bushi zilichongwa mjini. Ami anasema aliwahi kutembea miezi mitatu na kifaa fulani kilichotengenezwa kwa mti wa mpera, sikuelewa ni kifaa gani lakini naapa ndivyo alivyosema. Mwaka 1984 Mzee Mwinyi alipoingia kuwa Rais wa Zanzibar na biashara ikaanza kufunguliwa, spea zikaonekana tena, na nyuma yake zikaja gari za Kijapani. Mwaka 1986 wenye Bedford, General Motors, wakaacha biashara ya malori makubwa huko Uingereza. Ya ami ikatiwa injini ya Isuzu na ikaendelea na kazi kama kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo ukiniuliza gari ile ni ya mwaka gani, nitashindwa. Uso wake ni wa miaka ya sitini, injini ni ya miaka ya themanini, mbao zimebadilishwa kidogo kidogo mpaka sijui kama upo ubao wa mwanzo. Wazungu wanaokusanya gari za zamani wanataka kila skrubu iwe ile ile iliyotoka kiwandani. Kwa kipimo chao ya ami si kitu. Mie nasema kinyume chake: hicho ndicho kinachoifanya iwe na thamani. Gari iliyobaki kama ilivyotoka Uingereza inasimulia Uingereza. Hii inasimulia sisi. Kila kiraka ni ushahidi wa mwaka fulani, kitu gani kilikosekana, na nani alikijua kukitengeneza.

Gari kukuu zinazotunzwa Tanzania zipo. Ukienda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam utaona Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa kikoloni na baadaye Mwalimu Nyerere. Hapa kwetu, makumbusho ya Beit al-Ajaib yalikuwa na Zephyr aliyoitumia Mzee Karume. Ni vizuri kabisa, sipingi, zitunzwe. Lakini angalieni zinazotunzwa ni zipi. Gari ya mkubwa inaingia makumbusho na gari iliyobeba watu elfu inaingia kwenye mizani. Mzee Karume alikuwa na Zephyr moja, na waliokwenda kumsikiliza kutoka shamba walikwenda na nini?

Na makumbusho nayo si dawa ya kila kitu. Wote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Katika ua wa jumba lile kulikuwa na mtepe, ule uliojengwa mwaka 2003 na kupewa jina la Shungwaya. Huu nauleta kwa sababu maalumu. Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu, mbao zake zimeshonwa kwa kamba bila msumari, na ulisafiri mamia ya miaka. Ulikuwa wa kawaida mno mpaka hakuna aliyeona haja ya kuweka mmoja. Ilipofika 2003 watu walipotaka kuuona tena ilibidi wajenge mpya kwa kutazama modeli na picha za kale. Yaani tulikuwa nao, tukaupoteza wote, halafu tukajifunza upya kutoka kwenye picha. Nikiitazama Bedford ya ami naona mtepe.

Sheria zetu za uhifadhi, na heshima tuliyoipata mwaka 2000 Mji Mkongwe ulipoingia katika urithi wa dunia, zinalinda majengo. Mlango wa mbao uliochongwa ukiung'oa Shangani utaulizwa maswali. Bodi ya mbao iliyochongwa na fundi wa majahazi ukiikokea moto Makunduchi, utaulizwa kama chai iko tayari.

Wenzetu Kenya wamefanikiwa zaidi, lakini kwa njia ya pesa. Nairobi kuna maonyesho ya gari zilizotunzwa vizuri, yale ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Na ile Safari Rally iliyoanza mwaka 1953, ilipotimiza miaka 50 mwaka 2003, wakaanzisha mashindano ya gari za kale tupu. Matokeo yake ni rahisi kuyaelewa: Datsun mbovu iliyolala katika shamba la mtu imekuwa na bei. Hakuna anayepima kwa kilo kitu ambacho mtu mwingine anakitafuta. Sasa gari ya mbao ya Unguja nani anaitafuta? Watalii wanaipiga picha, kweli, wanaipenda sana. Wanapiga picha halafu wanapanda teksi.

Nikamwambia ami haya yote. Nilizungumza kama nusu saa, yaani kama niko mbele ya darasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Umesoma mwanangu, mashaallah." Halafu mwanawe mkubwa, ambaye alikuwa amekaa pembeni anamenya muhogo, akasema neno moja tu: "Historia haiezeki paa."

Na yeye ana haki. Nyumba inavuja vyumba viwili. Masika yanakuja. Pesa ya chuma kile ingenunua mabati, si yote, lakini ya kutosha kwa upande mmoja. Mie ninayetaka gari ibaki nalala dakhalia ya chuo chini ya zege. Nimelifikiria hili wiki nzima na sioni njia ya kulizunguka. Kumwambia mzee atunze urithi wa taifa huku anakinga maji kwa ndoo, hiyo si haki, hata kama maneno yangu ni mazuri.

Kwa hiyo nilichofanya ni hiki. Kwanza nimemrekodi ami kwenye simu, saa mbili na nusu, majina ya mafundi, njia, nauli za zamani, ajali moja ya Mwaka Kogwa ambapo gari ilijaa mpaka juu ya paa ikashindwa kupanda na watu wakateremka kuisukuma huku wanaimba. Nimeipima gari yote kwa futi ya fundi na kuchora. Hiyo ni kama mazishi yakibidi. Pili, nimekwenda skuli moja kule kule kijijini, mwalimu mkuu ameniambia upo ukuta nyuma ya madarasa wenye paa la makuti, gari inaweza kukaa pale ikiwa tutaileta wenyewe. Tatu, tumeanza kuchanga hapa chuoni. Tuko kumi na tisa mpaka leo. Ami amekubali: tukimpa kile ambacho wale vijana wangempa, mabati yananunuliwa na gari inakwenda skuli. Binamu yangu amesema atahesabu yeye mwenyewe, na namwamini, hesabu zake hazikosei.

Hatujafika. Tumefika nusu na kidogo. Mwenye elfu moja alete elfu moja, wala sitamtangaza mtu. Na ukiwa nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya gari ya mbao, hata kama mbele yake wamesimama watu wa harusi na gari inaonekana ubavu tu, tafadhali niazime niinakili nitairudisha siku ile ile.

Jumamosi tunaondoka Tunguu saa mbili asubuhi, kwa 310. Gurudumu moja la nyuma limezama kwenye udongo mpaka nusu, jengine ami anasema bado linazunguka. Njooni na majembe na kamba. Binamu anaandaa muhogo wa nazi.